Sahani Mwanzoni mwa Riili

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1983, kwenye ukurasa wa thelathini na moja wa daftari la stoo la jumba la sinema, iliandikwa kwa wino wa bluu kwamba lenzi nambari 114 imetoka kabatini na imechukuliwa na fundi wa projekta. Safu ya tarehe imejazwa. Safu ya kifaa imejazwa. Safu ya saini ya mchukuaji iko wazi mpaka leo.

Fundi huyo sasa ana miaka sabini na minne na watu wanamwita Mzee Upana. Jina halitokani na mwili wake. Ni mwembamba kiasi kwamba jirani yake, fundi wa kerezo anayechonga vyuma, humwambia kila asubuhi asisimame karibu na mlango, asije akafungwa nje akidhaniwa ni ufito. Jina linatokana na kazi. Katika chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, Mzee Upana anafunga lenzi za upana kwenye projekta za nyumbani, na kwa kadiri anavyojua yeye, hakuna mwingine anayeifanya kazi hiyo mjini.

Kazi yenyewe ni hii. Enzi za filamu za utepe, picha pana ilipatikana kwa hila. Mbele ya kamera iliwekwa lenzi iliyoibana picha kutoka kushoto na kulia, na watu wakaingia kwenye utepe wakiwa wembamba kama vijiti vya kiberiti. Wakati wa kuonyesha, lenzi ya aina ileile ilifungwa mbele ya projekta, ikaitanua picha, na watu wakarudia miili yao. Lenzi moja iliweza kufanya kazi zote mbili, kubana na kutanua, mradi aliyeishika anajua anachofanya.

Shida ni kwamba lenzi hizo hazifanani. Nyingi zinatanua mara mbili. Nyingine mara moja na nusu. Chache sana, zilizotengenezwa kwa muda mfupi kisha zikaachwa, zinatanua mara moja na robo tatu. Filamu iliyobanwa kwa kipimo kimoja haiwezi kutanuliwa kwa kipimo kingine bila kumharibu mtu aliyemo. Mzee Upana huwaambia wateja kwamba ukimfungia mtu lenzi isiyo yake, unayemwona ukutani ni ndugu yake.

Wateja hao hawazidi tisa. Yupo daktari wa meno, yupo mwalimu mstaafu, wapo ndugu wawili waliorithi sanduku la riili, yaani magurudumu ya utepe wa filamu, na hawasemezani. Kila mmoja huulizwa maswali yaleyale: chumba kina urefu wa hatua ngapi, lenzi ya kawaida ya projekta ni fupi au ndefu, na filamu ilibanwa kwa kiasi gani. Lenzi ya kawaida ikiwa fupi mno, pembe za picha huwa nyeusi na mtu anaona kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Swali la tatu ndilo watu wengi hawana jibu lake.

Zamani jibu lilikuwepo. Mzee Upana na mwenzake wa sinema, mtunza stoo, walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kupiga filamu yoyote kwa lenzi ya upana, mmoja wao alishika sahani nyeupe ya bati mbele ya kamera kwa sekunde tano. Fundi yeyote atakayeipata riili, hata akiwa hajazaliwa siku hiyo, angejaribu lenzi moja baada ya nyingine mpaka sahani iwe duara. Hiyo ndiyo lenzi. Hakuna cha kubahatisha.

Mtunza stoo aliitwa Stoo na kila mtu, hata na mkewe. Yeye na Mzee Upana walikuwa marafiki kwa miaka sita. Stoo alipopata mtoto wa kike, fundi alitaka kumpa zawadi ambayo hakuna mwingine angeweza kuitoa, nayo ni filamu ya mama na mtoto, pana kama zile za sinema. Kamera ndogo alikuwa nayo. Lenzi ilikuwa kabatini kwa Stoo, nambari 114, ya mara moja na robo tatu, ile iliyotumika na projekta ndogo ya kuzungushia mashuleni. Stoo aliandika kwenye daftari, akamwachia fundi aondoke nayo bila kutia saini, kwa sababu alikuwa anakimbilia kufunga na kwa sababu Jumatatu ingekuwa imerudi.

Jumapili walipiga filamu uani kwa Stoo. Stoo mwenyewe alishika sahani. Jioni mvua ilianza kunyesha, na Jumatatu asubuhi ilikuwa haijakoma. Fundi akaiacha lenzi nyumbani. Unyevu ukiingia kati ya vioo viwili haupanguswi, na yeye hakuwa mtu wa kukiloweshea watu kioo. Ataipeleka mchana, jua likitoka.

Saa tatu meneja alifika na mkaguzi bila kuarifu mtu.

Fundi tayari alikuwa na barua mbili za onyo, zote za kuchelewa kazini. Ya tatu ingekuwa ya kumfukuza. Alipoitwa ofisini na kuulizwa mbele ya Stoo, alisema aliirudisha jana jioni, akaiweka juu ya meza ya stoo. Stoo akasema hakuikuta. Akaulizwa nani alikuwa na ufunguo Jumapili, na kwa kuwa ni mtu asiyeweza kuficha kitu, akajibu kwamba aliuacha kwa bawabu. Akaulizwa saini iko wapi. Barua ya kumwachisha Stoo kazi ilikuwa na mistari mitatu.

Lenzi ilibaki nyumbani kwa fundi. Kuirudisha kungekuwa kukiri, na kila juma lililopita lilifanya kukiri kuwe kugumu zaidi. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, alimpa bawabu aipeleke kwa Stoo. Hakwenda mwenyewe. Alifanya kazi kwenye jumba lile miaka mingine kumi na minne, mpaka lilipofungwa na kugeuzwa ghala la samani.

Stoo alipakia saruji, kisha akalinda ghala, kisha akauza soli za viatu. Mkewe alikufa mwaka uliofuata, mtoto akiwa hajafikisha miaka miwili. Riili ilikaa kwenye kopo la biskuti, kwa sababu hakukuwa na projekta, na baadaye kwa sababu hakukuwa na mtu aliyetaka kulifungua. Kuhusu kazi aliyoipoteza, Stoo aliwaambia watoto wake neno moja tu: alizembea. Aliamini kwamba lenzi ilikuwa mezani na yeye hakuiona, au aliiona akaisahau. Tangu hapo kila kufuli aliyoifunga aliivuta mara tatu, na binti yake, ambaye sasa ni fundi cherehani na ana watoto wake, anaivuta mara tatu vilevile bila kujua kwa nini.

Mwezi wa pili mwaka huu binti huyo aliingia kwenye chumba cha nyuma ya duka la vioo akiwa na projekta iliyouzwa na shule moja ilipokuwa ikitupa vitu vyake, na kopo la biskuti chini ya kwapa. Alimwamkia Mzee Upana kwa jina la baba mdogo, kama alivyofundishwa. Alieleza haja yake kwa kifupi. Baba yake ana presha ya macho. Upande mmoja umeshafungwa, na wa pili unaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari amesema kufikia mwisho wa mwaka nao utafunga. Binti anataka baba amwone mama mara moja kabla ya hapo, alivyokuwa hasa. Yeye mwenyewe hamkumbuki.

Mzee Upana aliuliza ni nani aliyemwelekeza kwake.

"Baba," alisema. "Amesema nije kwako, hakuna mwingine anayeijua filamu hii."

Alimwambia arudi baada ya siku kumi.

Siku hiyo hiyo aliifungua riili. Utepe ulikuwa umejikunja kingo lakini mzima. Kwenye fremu za kwanza kulikuwa na sahani, na kwenye ukingo wa sahani vidole vinne vya Stoo. Aliweka lenzi ya mara mbili, na sahani ikawa yai lililolala. Aliweka ya mara moja na nusu, ikawa yai lililosimama. Alikuwa anajua mapema kwamba itakuwa hivyo. Lenzi iliyohitajika ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti chake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa kitambaa cha flana, na kwenye pete yake imechongwa nambari 114.

Aliitoa. Akachukua tupa. Angeweza kuisugua nambari ile kwa dakika tano. Lakini kando ya nambari kuna kovu, mahali lenzi ilipogonga ngazi ya shule mwaka 1980, na aliyeandika habari za kovu hilo kwenye daftari ni Stoo. Pete nzima angeweza kuipeleka kwa fundi wa kerezo ikachongwa upya, ila hata hapo umbo lake fupi la shaba lingejulikana na mtu aliyeifuta vumbi miaka sita. Akairudisha kwenye kopo.

Zikabaki mbili, na hapo ndipo ujuzi wake wa nusu karne ulipomsaidia kufanya vibaya. Ya mara moja na nusu ingemkondesha marehemu. Watu hawapendi kumwona marehemu amekonda, wanauliza maswali. Ya mara mbili ingemnenepesha kidogo, unene ambao mtu akiuona atasema tu kwamba alikuwa na afya. Akachagua ya mara mbili.

Ilibaki sahani, ambayo ingemsuta. Aliikata. Fremu mia moja na ishirini, kwa mkasi mdogo wa kuungia, kisha akaunga utepe mweupe mahali pake. Kipande alichokikata hakukitupa. Hajawahi kutupa filamu maishani mwake. Alikikunja akakitia kwenye kopo, pamoja na lenzi.

Kufunga kulichukua siku nne. Lenzi ya upana ni nzito, na ikining'inizwa moja kwa moja kwenye lenzi ya projekta huivuta chini na picha ikaingia ukungu upande mmoja. Kwa hiyo alitengeneza mkono wa chuma unaotoka chini ya projekta, na juu yake kibano cha pete mbili. Pete zilichongwa na fundi wa kerezo, ambaye aliuliza kwa nini safari hii mzee ana haraka, kwani ameoa? Ndani ya pete alibandika vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli ili kioo kisigwaruzwe. Aliacha nafasi ya unene wa kucha kati ya lenzi na lenzi. Alining'iniza uzi wenye nati ukutani, akaizungusha lenzi ndani ya kibano kidogo kidogo mpaka fremu ya mlango kwenye picha ikalala sawa na uzi, kwa sababu lenzi hii ikipinda hata kiasi cha nywele, watu wote wanaegemea kama wanapulizwa na upepo. Ilikuwa kazi safi. Yeye mwenyewe anasema hajawahi kufunga lenzi vizuri kama alivyofunga ile isiyo ya filamu hiyo.

Siku ya kumi walikuja wawili. Stoo alikuwa amemshika binti yake mkono, na alipofika kizingitini akasimama.

"Bado unanuka mafuta ya cherehani," alisema. Ndiyo mafuta waliyolainishia projekta tangu enzi za sinema.

"Na wewe bado unasimama mlangoni kama mkaguzi," fundi akajibu. Wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Walikuwa hawajaonana kwa miaka arobaini na kitu, ingawa kati ya nyumba zao ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Binti alikuwa na mfuko wa nguo. Ndani yake kulikuwa na gauni la kijani la mama yake, lile ambalo baba alimwambia ndilo alilovaa siku ya filamu. Alitaka kuona likiwa mwilini mwa mwenye nalo.

Fundi alizima taa, akafunga pazia, akawasha. Utepe mweupe ulipita, kisha ua, kisha mlango, na mlangoni akatokea mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alisimama wima kabisa, mikono chini, kama anayepigwa picha ya pasipoti. Bila shaka hakuambiwa kwamba anaruhusiwa kutembea. Kisha akaambiwa, kwa sababu alicheka, akafukuza kuku, akaketi. Dakika mbili na sekunde thelathini na tano. Stoo alikuwa anageuza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akiipitisha picha kwenye tundu dogo la jicho lake.

Binti aliomba irudiwe. Mwanamke aliposimama tena mlangoni, binti aliinuka, akaenda ukutani na utepe wake wa kupimia, akapima mfuko wa gauni kwenye picha. Kisha akapima mfuko wa gauni alilolishika.

"Baba mdogo, huu mfuko ni mraba," alisema. "Ukutani ni sentimita nane kwa saba."

Fundi alisema gauni ni la zamani, limefuliwa, limerudi.

"Kitambaa hiki hakirudi. Nashona mwaka wa ishirini." Aliliweka gauni kifuani kwake. Akaendelea kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba radhi: "Na hili linanibana mimi. Huyo wa ukutani asingeweza kulifunga vifungo."

Projekta iliendelea kuzunguka, mkia wa riili ukipiga kelele. Fundi aliinama kuizima. Alikuwa bado ameinama Stoo alipouliza.

"Sahani iko wapi?"

Fundi alijibu kwamba mwanzo wa riili uliharibika kwa unyevu.

"Ukaukata."

"Nikaukata."

"Umeutupa?"

Ni watu wawili tu duniani walioweza kuelewa swali lile. Fundi wa lenzi za upana anaweza kukata kitu chochote kwenye filamu isipokuwa sahani, kwa kuwa bila sahani hajui anachofunga. Akiikata, maana yake anajua tayari na hataki mwingine ajue. Na lenzi ya kipimo kile, katika mji ule, ilikuwa moja.

"Wewe hutupi filamu," Stoo alisema. "Lete."

Mzee Upana alifungua kabati, akatoa kopo la maziwa ya unga, akaliweka mezani. Binti ndiye aliyelifungua. Alitoa kipande cha utepe, kisha kitambaa cha flana, kisha lenzi, na kwa kuwa hakujua ni kitu gani akampa baba yake. Stoo hakuisogeza kwenye jicho. Aliizungusha mkononi mpaka kidole gumba kikafika kwenye kovu, kikakaa hapo.

Kisha alimwelekea binti yake.

"Kila siku naikumbuka ile meza," alisema. "Nikifumba macho naiona, haina kitu juu yake. Nikajiambia, Stoo, macho yako hayafai, kitu kilikuwepo hukukiona. Kumbe kweli haikuwa na kitu."

"Mvua ilikuwa inanyesha," fundi alisema. "Sikutaka iloe."

"Najua ilikuwa inanyesha. Nilirudi nyumbani kwenye mvua hiyo hiyo, na barua mfukoni."

Fundi alianza kusema habari za barua za onyo, na hali ya nyumbani kwake wakati ule. Binti alimkatiza. Hakupandisha sauti. Alisema neno moja: aifunge.

Aliifunga. Pete zilikuwa kubwa kidogo kwa lenzi ile fupi, akaongeza mpira. Aliunga kipande cha mwanzo mahali pake, fremu mia moja na ishirini. Alining'iniza uzi, akapima, akabana skrubu. Alipowasha, sahani ilitokea ukutani ikiwa duara kamili, na vidole vya kijana aliyekuwa na miaka thelathini na saba. Kisha ua, mlango, mwanamke. Alikuwa mwembamba wa wastani, mabega yamenyooka, na gauni lilimkaa. Binti alisimama mbele ya ukuta na gauni mkononi mpaka mwanga wa picha ukamwangukia, kisha akasogea pembeni ili asimzibe baba.

Stoo aliomba irudiwe mara tatu. Mara ya tatu alisema, bila kumlenga mtu, "Ndiye."

Baada ya hapo binti alitoa daftari lake la vipimo vya wateja, akamwomba Mzee Upana amfundishe kuifunga lenzi na kuifungua. Fundi alisema hakuna haja, atakwenda kwao mwenyewe kila watakapotaka, hata kesho, hata kila juma, ni karibu. Binti alisema anaomba afundishwe. Akaandika: nafasi ya ukucha; uzi kwanza; projekta ipate picha safi kabla lenzi ya upana haijaguswa; skrubu ya chini isikazwe sana. Mara ya kwanza picha ilipinda. Mara ya pili ilikaa sawa. Fundi akamsifu; binti akafunga daftari.

Lenzi ya mara mbili ilibaki juu ya meza. Waliondoka na projekta, riili, gauni na lenzi nambari 114, ambayo Stoo aliibeba mwenyewe mfukoni. Mlangoni binti alisema kwaheri. Hakusema baba mdogo. Stoo hakugeuka. Fundi wa kerezo, aliyekuwa nje anavuta sigara, aliuliza mzee amewafanya nini wageni wake mbona wametoka kimya, na mzee akarudi ndani akafunga mlango.

Jumapili ijayo, saa tisa alasiri, filamu itaonyeshwa sebuleni kwa Stoo mbele ya watoto na wajukuu wake, na lenzi itafungwa na binti yake.